Mshika Daftari

Kalamu ni yangu tangu harusi ya Faki,
kwa kuwa mwandiko wangu hausahau mtu.
Nakaa penye mlango wa uwani, Limbani, Wete,
daftari gotini, udi ukinifukiza
mimi nisiyeolewa bado.

Bi Raya wa Kwa Sharifu: doti moja, elfu kumi.
Asaa mke wa Hamad: sahani sita, moja ina ufa.
Ufa nauandika pia. Siku yake ikifika
tutamrudishia sita, na moja tutaichagua vizuri.
Mwenye kutunza hukopesha kwa uso wa kucheka;
kicheko kikishapoa, nabaki mimi na wino.

Akaja Peishan, yule wa Taiwan
anayetufundisha kukausha mwani,
buibui la kuazima likimburura,
bahasha nyekundu ameishika kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

Nikahesabu: elfu thelathini na sita.
"Mbona hazikutimia?" akauliza Bi Mkasi.
"Mwambie aongeze nne, ziwe arubaini."
Peishan akashtuka kama aliyekanyaga kaa la moto.
Kwao, alisema, nne na kifo
hutamkwa kwa mdomo karibu mmoja.
Harusini pesa ziende kwa jozi,
lakini jozi ile ipitiwe mbali.

Bi Mkasi akatafuna tambuu, akafikiri.
"Hata kwetu arubaini ina mambo yake.
Ndiyo anayotokea mzazi nje,
ndiyo tunayomsomea maiti.
Basi, ziache hivyo hivyo. Na jozi naijua:
nani alikata khanga
akampa bi harusi upande mmoja?"

Mstari uliofuata ukurasani ulikuwa wa nne.
Nikauruka, nikamwandika wa tano.
Hakuna aliyeniona.

Mwaka wa pili ikawa zamu yake,
na mume yuko kwao, Tainan.
Hakuweza kututia sote kwenye ndege,
basi tukamfuata sisi, usiku wa kuamkia safari.
Daftari lilisema thelathini na sita;
tukachanga, tukazidisha kidogo, kama ipasavyo.
Lakini Bi Mkasi alikuwa na lake.
Ameagiza Darajani saa ya ukutani,
rangi ya dhahabu, inayoadhini,
ikavuka kwa meli ndani ya godoro lililokunjwa.

Peishan akafungua. Uso ukamgeuka.
Akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Tumbe,
kwamba kwao kumpa mtu saa
husikika kama kumsindikiza kaburini.

Bi Mkasi, aliyeosha maiti wa mtaa mzima,
akacheka hata tambuu ikamtoka.
"Sasa kipya nini? Na sisi twasema
saa yake imefika,
wala hatukusudii ya ukutani."

Lakini kuichukua tena hakutaka,
na Peishan kuikataa hakuweza.
Akapekua kipochi, akatoa sarafu ya mia.
"Niuzie," alisema. "Nikiinunua, si zawadi tena."

Bi Mkasi hajapata kuuza
hata ndimu zinazooza uwani kwake.
Aliitazama ile sarafu
kama mtu anayetukanwa na kubusiwa kwa pamoja.
Kisha: "Mia? Saa ya dhahabu? Ongeza!"
Wakapatana mia mbili. Sarafu mbili, jozi,
akazifunga kwenye pindo la khanga,
na hajazitumia.

Inaadhini, Peishan ameandika,
ila kwa wakati wa Wete; kuigeuza hajui wala hataki.
Adhuhuri yetu humkuta jioni, anaosha mchele.
Bi Mkasi kanisomesha ujumbe mara tatu.

Nami daftari langu lina upande wa walioleta
na upande wa tuliowapelekea.
Pa kuandika biashara hapana.
Mstari uko wazi mpaka leo:
Saa, moja.
Halafu nukta, halafu nafunga kalamu.